Kupoza kompyuta ya gemu kwa maji nyumbani: maswali ninayoulizwa kila mara

Kompyuta yangu iko mezani, Tabata, Dar es Salaam, ubavu wa kasha ni kioo, na kila anayeingia chumbani lazima aulize kama yale maji hayamwagiki. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Mashine yenyewe ina prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, kadi ya grafiki RTX 3080 ya mtumba, rejeta mbili za milimita 360 na pampu moja ya D5. Naongelea mfumo wa kufunga mwenyewe kipande kwa kipande. Ule unaokuja umeshajazwa maji na kuzibwa kiwandani ni kitu kingine.

Maji na umeme vinakaaje ndani ya kasha moja?

Havikutani. Fungua boneti ya gari utaona jambo hilohilo: pampu, rejeta, mipira, na maji yanazunguka bila kumwagikia injini. Kwenye kompyuta, badala ya injini kuna bloki ya shaba iliyobanwa juu ya prosesa, na nyingine juu ya kadi ya grafiki. Ndani ya bloki kuna mifereji iliyochanwa karibukaribu kama meno ya kitana. Maji yanapita humo, yanabeba joto hadi kwenye rejeta, feni zinalipuliza nje, maji yanarudi tangini na safari inaanza upya. Tunatumia maji kwa sababu ni mbebaji hodari: lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja imebeba joto mara 3,500 hivi ya lile ambalo lita moja ya hewa ingebeba.

Kwa hiyo mashine itakuwa baridi hata Februari?

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, na video za Ulaya zinachangia. Jamaa wa Sweden anaonyesha maji yake yako nyuzi 28, wewe wa Dar unajiona umeibiwa. Hujauliza chumba chake kina nyuzi ngapi. Rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayopita ndani yake. Kazi yake ni kuyasogeza karibu na joto la chumba, basi.

Mfumo uliopangwa vizuri huyaacha maji yakizidi chumba kwa nyuzi 8 hadi 12 gemu ikiwa nzito. Chumba changu saa mbili usiku mwezi wa pili kina 31 au 32, maji yanatulia kwenye 41, kadi ya grafiki inacheza 52 mpaka 55. Kabla ya maji ilikuwa inagonga 78 na feni zinalia kama mashine ya kusaga. Prosesa bado inafika 70 na ushee, na itafika hata ufanyeje: 5800X3D ina kipande cha ziada cha kumbukumbu kilichobandikwa juu ya chipu, joto linachelewa kupenya hapo kabla halijaifikia bloki. Usimlaumu aliyefunga.

Mpaka wangu ni maji kutozidi 50. Pampu ya D5 imetengenezwa kwa maji yasiyozidi nyuzi 60, na bomba za plastiki aina ya PETG zinaanza kulegea hukohuko. Mtu wa Njombe au Nairobi atapata namba nzuri kuliko zangu bila kuongeza hata skrubu moja.

Angalau chumba kitapoa?

Kinyume chake. Maji hayafuti joto, yanalihamisha. Kadi ya wati 320 na prosesa ya wati 80 zitatoa wati 400 ziwe zimepozwa kwa maji, kwa feni au kwa upepeo wa ukindu, na wati zote hizo zinaishia chumbani kwako. AC ndogo ya BTU 9,000 inaondoa kama wati 2,600, kwa hiyo mashine peke yake inaila karibu sehemu moja ya sita. Ukijumlisha skrini, pampu na feni, hesabu wati 500. Ukicheza saa nne umechoma yuniti mbili za umeme wa LUKU. Mimi nimeweka kasha karibu na dirisha, mgongo wake ukielekea nje, na dirisha halifungwi nikiwa nacheza. Hatua hiyo ya bure ilinipunguzia nyuzi nyingi kuliko rejeta ya pili niliyoinunua.

Kuna haja kweli?

Kwa wengi, hapana. Hitisinki (mapezi ya chuma yanayopozwa kwa hewa) nzuri ya minara miwili yenye feni mbili, mfano Thermalright Peerless Assassin 120, inaitosha prosesa ya gemu na inagharimu sehemu ndogo sana ya mfumo wa maji. Hela inayobaki iongeze kwenye kadi ya grafiki, utaona tofauti ndani ya gemu. Maji hayataongeza fremu (picha kwa sekunde) za maana.

Zinabaki sababu tatu. Kadi za grafiki kubwa zinanufaika kweli: kumbukumbu za GDDR6X kwenye 3080 zinajulikana kwa kuchemka, na bloki inayofunika kadi nzima inazituliza. Ya pili ni ukimya, ingawa nakiri ukimya wenyewe nimeununua halafu juu ya kichwa changu feni ya panga boi inaguguna usiku kucha. Ya tatu ni kupenda tu. Yupo anayepaka rangi baiskeli kila mwezi, yupo anayefuga njiwa, mimi nafunga mabomba.

Nahitaji rejeta kiasi gani?

Hesabu ya mtaani ni nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwa kila wati 100 kama hutaki kelele. Kwa wati zangu 400 zingetosha nne, nimeweka sita (kila rejeta ya 360 ina nafasi tatu) kwa sababu ya joto la pwani. Kwa RTX 5090, ambayo imepangiwa wati 575, usianze na chini ya hizo sita, na hapo hujaihesabu prosesa.

Unene wa milimita 30 unatosha. Rejeta nene za 60 zinataka feni zinazosukuma kwa nguvu, na feni za namna hiyo zina kelele. Pima kasha kabla hujanunua: rejeta 30, feni 25, tayari ni 55, na zikikaa juu zinaweza kugonga RAM ndefu. Mimi niligundua hivyo rejeta ikiwa mkononi.

Rejeta ya gari je? Pale mtaa wa Gerezani, Dar, zipo tele.

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Waliocheza mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia rejeta ndogo za hita za magari na pampu za matangi ya samaki, kwa sababu madukani hakukuwa na kitu. Hata D5 ninayoitumia haikuzaliwa kwa ajili ya kompyuta, ni pampu ya kuzungushia maji ambayo wapenzi wa kompyuta waliiona wakaipenda. Ila leo sikushauri. Rejeta nyingi za gari ni alumini, zimejaa kutu na masalia ya miaka, na midomo yake haioani na fitingi zetu (viungo vya kuunganishia mipira). Utatumia wiki nzima kuokoa hela ya wikiendi moja.

Alumini ina ubaya gani?

Yenyewe haina. Ubaya ni kuichanganya na shaba ndani ya maji mamoja. Metali hizo mbili zikiunganishwa na maji zinakuwa betri, na anayeliwa ni alumini. Inatoa uchafu mweupe kama uji mwepesi, unakwenda kuziba mifereji ya bloki, na mwishowe rejeta inatoboka. Bloki karibu zote ni shaba, hata zile zinazong'aa kama fedha ni shaba iliyopakwa nikeli. Basi rejeta nayo iwe ya shaba, na fitingi ziwe za brasi yenye nikeli, mwisho wa mjadala.

Tatizo ni kwamba wauzaji wanasema chochote. Rejeta yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni, maelezo yakasema shaba tupu. Ilipofika nikaishika, nikajua: ilikuwa nyepesi kama sahani ya melamini. Nikachukua ncha ya bisibisi nikakwaruza rangi nyeusi pale kwenye mdomo wa fitingi. Ingekuwa shaba ningeona wekundu, ingekuwa brasi ningeona umanjano wa kofuli. Nikaona weupe. Muuzaji akanijibu kwa vikaragosi vitatu vya kuomba radhi na hela haikurudi. Nilijaribu kuifanya kizuizi cha mlango, haina hata uzito wa kazi hiyo.

Kwa hiyo kwaruza kwanza, funga baadaye.

Niweke maji gani?

Ya kisima, hapana. Ule ukoko mweupe chini ya birika lako ndio utakaoota ndani ya bloki. Ya bomba, hapana. Ya kunywa ya chupa nayo yana madini, hapana. Kuyachemsha hakusaidii kitu, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke, inabaki chini ikiwa nzito zaidi.

Unayoyataka ni maji yaliyokenekwa, yale ambayo kwenye maduka ya spea na vituo vya mafuta yanauzwa kwa jina la maji ya betri. Lakini fungua macho. Kuna wauzaji wanaoita maji ya betri vitu viwili tofauti: maji safi ya kuongezea na asidi yenyewe ya salfuriki. Chupa zinafanana, rafu ni ileile. Soma lebo, ukiona neno asidi au H2SO4 irudishe. Usinuse wala usionje kuhakikisha.

Kwenye hayo maji weka dawa ya kuzuia mwani na ya kuzuia kutu, zinazouzwa maalumu kwa mifumo hii kwa matone. Bila dawa, pwani hii, mwani utauona kwenye tangi kabla hujamaliza msimu mmoja wa ligi. Anayetaka urahisi anunue maji yaliyochanganywa tayari.

Kulanti ya gari wapo wanaoitumia ikiwa imechanganywa kidogo. Mimi sithubutu. Inapunguza uwezo wa maji kubeba joto, na ile yenye ethilini glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Nyumba ina mtoto wa dada yangu wa miaka mitatu ambaye hana kitu asichokionja.

Na rangi za maziwamaziwa zinazopendeza kwenye picha? Ni chembe zinazoelea. Siku moja zinachoka kuelea.

Si maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme? Basi hata yakivuja poa.

Siku ya kwanza, karibu ni kweli. Baada ya wiki kadhaa ya kupita kwenye metali yameokota ayoni, yanapitisha. Usijenge imani hapo.

Mipira laini au bomba ngumu?

Mara ya kwanza, mipira. Unakata kwa mkasi mzuri, unachomeka, unakaza kola, umemaliza. Ukikosea unakata upya. Mipira ya plastiki inayoonyesha ndani huwa inafifia na kutoa utando baada ya muda, ile myeusi ya raba ya EPDM haina tabia hiyo, na ndiyo ninayoitumia.

Bomba ngumu ni kazi ya subira. Unaingiza kamba ya silikoni ndani ya bomba ili lisibonyee, unalizungusha juu ya bloa la hewa moto kama lile la mafundi simu, unasubiri lilegee lenyewe bila kulilazimisha, unalikunja, unalishikilia mpaka lipoe. Halafu unakata kwa msumeno wa chuma na kusugua ncha kwa msasa hadi ukipitisha kidole usihisi ukali, kwa sababu ncha kali ndiyo inayochana oringi (pete ya raba ya kuzuia maji) na ndiyo inayovuja. Nunua bomba mara mbili ya unazohitaji. PETG inakunjika kwa urahisi, akriliki inavumilia joto zaidi lakini hukatika kama biskuti ukiikosea.

Fundi bomba wangu anasema tufunge threadi tepu.

Mshukuru, mpe chai, tepu arudi nayo. Fitingi hizi zinazuia maji kwa oringi iliyokaa kwenye shingo. Tepu inaizuia oringi kukaa sawa, na vipande vyake vikichanika vinasafiri hadi kwenye bloki.

Kwa kuwa tumemtaja: nyuzi (threadi) za fitingi zetu zinaitwa G1/4, yaani robo inchi. Usishtuke ukipima kipenyo ukapata milimita 13 na kidogo badala ya 6. Ni kipimo cha zamani cha mabomba, hicho robo kinahusu tundu la ndani. Na kweli ni nyuzi za familia ileile ya mafundi bomba, ndiyo maana utajaribiwa kuchukua fitingi za hadwea. Nyingi za huko zimechongwa kwa mteremko, zinazidi kunenepa kadiri unavyokaza. Ukiziingiza kwenye tangi la akriliki utasikia mlio mdogo, tik, na hilo tangi limeshapasuka. Kaza kwa vidole, ongeza robo mzunguko, acha.

Bloki ya kadi ya grafiki inaingia kadi yoyote?

La. Kadi mbili zinaitwa RTX 3080 zote, kila kampuni imechora bodi yake. Tafuta bloki kwa jina kamili la kadi, na linganisha picha ya bodi iliyovuliwa. Pedi za joto (zile laini zinazokaa kati ya chipu na bloki) ziwe za unene uliotajwa kwenye karatasi ya bloki. Pedi ya milimita 1.5 ukiiweka pa milimita 1, bloki haitaikalia chipu vizuri.

Maji yaanze wapi, kwenye prosesa au kadi ya grafiki (GPU)?

Popote. Kwa wati 400 na mwendo wa lita 3 kwa dakika, maji yanapanda kama nyuzi 2 tu mzunguko mzima. Panga kwa urahisi wa mipira. Sharti ni moja: tangi liwe juu ya pampu ili pampu isinyonye hewa.

Nitajuaje halivuji kabla ya kuwasha?

Hapa usiwe na haraka. Chomoa kila waya unaokwenda kwenye mazabodi (bodi kuu) na kadi ya grafiki. Pawasaplai (kisanduku cha umeme) ibaki inalisha pampu peke yake. Kwa kuwa haitawaka bila mazabodi, ikiwa imezimwa chukua klipu ya karatasi, ikunje, unganisha tundu la waya wa kijani na mojawapo ya nyaya nyeusi kwenye plagi ya pini 24. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, hesabu kwa mchoro, usibahatishe. Zungushia tishu nyeupe kila fitingi.

Jaza tangi, washa kwa sekunde mbili tatu, maji yatavutwa, zima, jaza tena. Pampu isizunguke kavu hata kidogo, kwa sababu maji ndiyo mafuta yake. Ikishajaa utasikia mlio wa koromeo: hewa imenasa kwenye rejeta. Inua kasha, lilaze kushoto, lilaze kulia, kama unamtoa mtoto gesi. Acha izunguke saa 24.

Yangu ilidondosha saa ya sita. Tishu chini ya bloki ya GPU ilikuwa na doa la ukubwa wa shilingi. Nilifungua nikakuta oringi imebanwa upande, imechomoza kama ulimi. Kwa kuwa hakukuwa na umeme kwenye kadi, niliifuta, nikabadilisha oringi na kuanza kuhesabu saa 24 upya. Ningekuwa na haraka ya kucheza usiku ule, hiyo kadi ingekuwa hadithi.

Na ikivuja siku inatumika?

Zima ukutani kwanza, mengine baadaye. Toa maji, vua vipande vilivyolowa, safisha kwa spiriti ya mafundi simu, acha mbele ya feni siku mbili. Vingi hupona kama umeme ulikatwa mapema. Visivyopona ni vile ambavyo mwenyewe aliwasha "kujaribu tu".

Umeme ukikatika katikati ya gemu?

Pampu inasimama, na chipu nazo zinasimama, hakuna kinachoungua. Kinachouma ni umeme unaporudi kwa kishindo. UPS nzuri ina thamani kuliko rejeta ya pili.

Nikiweka barafu tangini, au rejeta ndani ya friji?

Dar chumba cha nyuzi 30 chenye unyevu wa asilimia 75 kinaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Ona chupa ya soda inavyolia mezani. Ukiyapoza maji kupita hapo, soda inayolia itakuwa mazabodi yako. Friji nayo haikujengwa kuondoa wati 400 mfululizo, itashindwa na nyama zitaoza.

Matunzo yakoje?

Vumbi la rejeta kila baada ya wiki tatu kwa brashi laini, zaidi kama barabara yenu haina lami. Kiwango cha maji uangalie kila mwezi, kwa sababu yanapungua polepole kupitia mipira. Kubadili maji yote mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo utamshukuru aliyekushauri kuweka koki ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa. Rejeta mpya, kabla ya kufunga, isuuze na maji ya moto yaliyokenekwa mara tatu nne. Kinachotoka mara ya kwanza kitakushangaza.

Gharama?

Bloki mbili, rejeta mbili, pampu, tangi, fitingi na feni kutoka kampuni za Ulaya zinaweza kufika dola 700 au zaidi bila usafiri. Vifaa vya Kichina kama Bykski na Barrow vinaweza kukupunguzia karibu nusu na ubora wake ni mzuri. Fitingi ndizo zinazomaliza hela kimyakimya. Kila moja ni ndogo, halafu unahesabu unakuta kumi na sita. Agiza zote pamoja na mbili za ziada, la sivyo mashine italala mezani mwezi mzima ikisubiri kipande kimoja kitoke China na mzigo wa meli.

Naweza kusafiri nayo?

Toa maji yote, hata kama ni kutoka Tabata kwenda Segerea. Nilikwenda nayo Moshi kwa basi mwaka jana, maji nimetoa, kadi ya grafiki nimeichomoa kwa sababu bloki ya shaba ni nzito na matuta ni mengi. Kondakta alitaka iende buti. Nikamlipa siti ya pili, nikaifunga mkanda.